Njaa, uchu na utamu: kinachotokea kichwani mwa paka akisikia honi ya samaki

Kwa shangazi yangu kule Kibokoni, Mombasa, kuna paka dume anaitwa Sultani, mweupe, ana doa la kahawia kichwani kama kofia, na kazi yake ya siku nzima ni kulala barazani. Watoto watapita na mpira, pikipiki zitapita kichochoroni zikimkosa mkia kidogo tu, hashtuki. Ila kila asubuhi kama saa nne hivi hupita ami mmoja na baiskeli, tenga la samaki liko nyuma, mbele ana ile honi ya mpira ya kubinya, na akiibinya tu, hata hajafika kona ya msikiti, Sultani yuko chini, mkia juu, masikio mbele, aifuata sauti. Samaki hajamuona. Harufu haijamfika. Na kinachonishangaza zaidi ni kwamba dakika kumi nyuma shangazi alimwekea mabaki ya dagaa, akala nusu, nusu akaiacha pale pale. Yani njaa hana. Sasa kimemuamsha nini?

Mimi nafundisha bayolojia shule ya upili hapa Mombasa, na kila muhula lazima kuna mwanafunzi atainua mkono aniambie, "Mwalimu, dopamini si ndo kemikali ya raha?" Simlaumu, kila klipu kwenye simu yasema hivyo, ukila chipsi ni dopamini, picha yako ikipendwa ni dopamini, ukicheka ni dopamini. Lakini hiyo ni kweli iliyopinda, na huniuma kuiona ikirudiwa kila siku kwa sababu kweli yenyewe ilivyo ni nzuri zaidi. Na sisi wenye Kiswahili tuna bahati, lugha yetu ishatufanyia nusu ya kazi. Twasema njaa, twasema hamu, twasema uchu, twasema utamu, twasema shibe, twasema kukinai, na hakuna anayechanganya. Mgonjwa wa malaria aweza kukaa siku mbili tumbo tupu na hamu hana, mwekee wali wa nazi na samaki wa kupaka, ageuza uso aangalia ukuta. Mwengine katoka kushiba pilau ya harusi mpaka ashafungua kifungo, lakini ikipita sinia ya halwa mkono waenda wenyewe. Hayo ni mambo mbalimbali, na kwenye ubongo wa mnyama kila moja lina mahali pake na kemikali zake, ingawa yanapelekeana habari usiku na mchana.

Tuanze na njaa yenyewe. Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu yaitwa haipothalamasi, kwa binadamu ni kama lozi moja, kwa paka ni ndogo zaidi. Ndani yake kuna kikundi cha seli za neva ambazo wataalamu huziita AgRP, kwa jina la protini moja inayotoka humo, na hizo ndo kengele ya njaa. Mwaka 2005 watafiti waliziua seli hizi kwa panya wadogo wa maabara waliokomaa, na panya wakaacha kula, chakula kiko mbele yao, wakakonda ndani ya siku chache. Mwaka 2011 wengine wakafanya kinyume chake, wakazitia protini inayoitikia taa, wakapitisha uzi mwembamba wa mwanga mpaka ndani ya ubongo, na panya aliyekuwa ameshiba tele akaanza kula baada ya dakika chache kama ambaye hajaona chakula tangu jana.

Na kengele hii habonyezi mtu mmoja. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni yaitwa ghrelini, iligunduliwa Japani mwaka 1999, nayo hupanda kabla ya wakati wa kula, ikaenda na damu mpaka kule kwenye haipothalamasi ikaiamsha. Upande wa kuinyamazisha kuna leptini, na hadithi ya leptini naipenda sana ngoja niieleze vizuri. Mwaka 1949 kwenye maabara ya Jackson huko Maine, Marekani, kulitokea panya wadogo waliozaliwa kawaida halafu wakawa wanene ajabu, wengine mara tatu ya ndugu zao, wanakula hawaachi. Watu wakasema ni ulafi tu. Akaja Doug Coleman pale pale, akawaunganisha panya wawili wawili kwa upasuaji ili damu ya huyu ipite kwa huyu, na akaona kitu: yule mnene akiunganishwa na mzima, hupunguza kula na hukonda. Yani kwenye damu ya mzima kuna kitu mnene hana. Kuna aina ya pili ya panya wanene, na hao wakiunganishwa na mzima, wao hawabadiliki, bali yule mzima ndo aacha kula mpaka afe kwa njaa, manake hawa wa pili kitu hicho wanacho tele lakini wao wenyewe hawakisikii. Coleman aliyafahamu yote hayo kwa kuwaza, kitu chenyewe hajakiona. Mpaka mwaka 1994 ndipo Jeffrey Friedman na wenzake, chuo cha Rockefeller, New York, wakaipata jeni yenyewe, na homoni yake wakaiita leptini kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Yatoka kwenye mafuta ya mwili. Mafuta yakiwa mengi, leptini nyingi, ubongo waambiwa akiba ipo. Wale panya wanene hawakuwa na leptini kabisa, kwa hivyo mwili wao unene wote ule, ubongo ulikuwa ukiambiwa kuna njaa kubwa, hatuna kitu ghalani. Mimi nikilisoma hilo huwafikiria watu wote walioitwa walafi tangu utotoni.

Dawa ya leptini kwa kila mnene haikufaulu lakini, kwa sababu wanene wengi wa kawaida leptini wanayo ya kutosha, ubongo ndo umekuwa mzito kuisikia, wako karibu na wale panya wa pili.

Kuhusu shibe nitapita haraka. Chakula kikifika utumbo hutoka homoni kadhaa za kuuambia ubongo basi yatosha, mojawapo yaitwa GLP-1, nayo ndani ya mwili haidumu hata dakika tano. Sasa kuna mjusi mmoja mkubwa wa jangwani Marekani, Gila, mate yake yana sumu, na ndani ya sumu ile daktari mmoja wa New York aitwaye John Eng alipata kemikali inayofanana na GLP-1 ila hii yadumu masaa. Mwaka 2005 ikawa dawa ya sukari, na zile sindano za kupunguza mwili mnazoziona mitandaoni zikaja baadaye kwa kufuata wazo hilo hilo la kuifanya shibe idumu.

Haya, turudi kwa Sultani, manake kuna jambo lilinichanganya sana. Mwaka 2015 watafiti walizisikiliza zile seli za kengele ya njaa kwa panya aliye macho, anatembea, wakitaraji zitanyamaza polepole kadiri anavyokula. Wapi. Zilinyamaza pale pale alipokiona chakula na kukinusa, hajatia hata punje mdomoni. Sasa kama kengele imenyamaza kabla ya tonge la kwanza, ni nini kinachomsukuma aende mpaka kwenye sahani, ale, aendelee kula? Hapo ndo twatoka kwenye njaa twaingia kwenye uchu.

Mwaka 1954, chuo cha McGill huko Montreal, Canada, kulikuwa na vijana wawili, James Olds na Peter Milner. Walitia waya mwembamba kwenye ubongo wa panya mkubwa, wakikusudia sehemu moja, waya ukateleza ukaangukia sehemu nyengine. Wakawa wakimpa kastimu kadogo kila akifika pembe fulani ya meza. Panya akaanza kurudi kwenye ile pembe. Wakamtengenezea kidude cha kubonyeza ajipe kastimu mwenyewe, akabonyeza, akabonyeza, wengine walifika zaidi ya mara elfu moja kwa saa. Dunia nzima ikasema basi, kituo cha raha kimepatikana. Miaka michache baadaye Arvid Carlsson wa Sweden akaonyesha kwamba dopamini ni mjumbe wake mwenyewe ndani ya ubongo, aliwapa sungura dawa ya kuimaliza wakalala kama gunia hawajiwezi, akawapa kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakainuka. Kazi hiyo ndo iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 2000. Na mwaka 1971 Mswidi mwengine, Urban Ungerstedt, akaziua kwa sumu maalum zile nyuzi za dopamini kwenye ubongo wa panya, na panya akaacha kula na kunywa, amezungukwa na chakula, hana habari nacho, usipomlisha kwa mpira afa.

Ukiweka hayo pamoja jibu laonekana rahisi. Dopamini ndo raha, ukiiondoa chakula hakina ladha tena, kwa nini ale? Hata mimi nilifundishwa hivyo.

Lakini kule Michigan kulikuwa na mtu anaitwa Kent Berridge, yeye alikuwa na njia yake ya kuuliza, na njia hiyo sisi Waswahili twaijua. Mtoto akizaliwa huku kwetu, mzee hutafuna tende kidogo akampaka mtoto kwenye paa la mdomo, tahniki. Nilimshika mwana wa dadangu siku hiyo, ana siku moja duniani, hajui lolote, na ile tende ilipomgusa tu alitulia, uso ukalegea, akatoa ulimi kidogo akaurudisha, akautoa tena, akajilamba mdomo taratibu kama anayetafuta ilikobaki. Ukimpa kichungu hufungua mdomo wazi, akunja pua, atikisa kichwa. Hakufunzwa na mtu. Na panya hufanya vivyo hivyo, tumbili vivyo hivyo, ukimtia maji ya sukari mdomoni atoa ulimi na kujilamba, ukimtia kwinini akunjua mdomo wazi na kujifuta. Basi Berridge na wenzake, pamoja na Terry Robinson, mwaka 1989 wakawachukua panya walioondolewa dopamini, wale wanaokufa njaa na chakula kiko puani, wakawatia sukari mdomoni. Wakajilamba. Kama kawaida, kama panya yeyote mzima. Utamu walikuwa wakiusikia wote!

Tulia hapo kidogo, manake hilo ndo fundo lenyewe. Mnyama asikia utamu na hautaki. Hainui mguu kuufuata.

Mwaka 1995 Richard Palmiter na wenzake huko Seattle wakatengeneza panya wadogo waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza dopamini kwenye ubongo. Wakizaliwa wananyonya kidogo, halafu wanazidi kufifia, na kabla ya kutimiza mwezi wote wamekufa, chakula kikiwa ndani ya kizimba. Ukiwapiga sindano ya ile kemikali ya Carlsson wanaamka, wanatembea, wanakula masaa kadhaa, halafu yakwisha na wanakaa tena. Na hata hao, wakipewa nafasi ya kuonja, maji ya sukari waliyachagua kuliko maji matupu. Upande wa pili mwaka 2003 wakajaribu panya ambao dopamini yao yakaa juu kuliko kawaida. Hao walikifuata kitamu mbio zaidi, hawasimamisimami njiani kama wengine, lakini kikiingia mdomoni hawakujilamba zaidi. Uchu umepanda, utamu uko pale pale.

Kwa hivyo mwanafunzi wangu akiniuliza sasa namwambia hivi: dopamini ndo uchu. Ndo kile kinachofanya kitu king'ae machoni, kinachokuinua barazani. Raha ya ulimi ina watu wake wengine.

Na watu hao ni opioidi, kemikali ambazo ubongo wajitengenezea wenyewe, ndugu wa morfini, ile dawa kali ya maumivu. Mbele chini ya ubongo kuna kisehemu kinaitwa nukliasi akambensi, na kwa panya ndani ya kisehemu hicho mna kitone cha kama milimita moja kila upande, ambacho ukikidondoshea kemikali ya jamii ya opioidi panya ajilamba sukari zaidi ya maradufu. Ukidondoshea pembeni kidogo tu ya hapo, panya hula zaidi lakini hajilambi zaidi. Milimita moja! Utamu umewekewa nafasi finyu namna ile, na uchu umepewa uwanja mpana, na mimi naona hilo laeleza mengi kuhusu sisi viumbe, kwa nini kutaka ni kwingi na kufurahi ni kwa muda mchache.

Utamu wenyewe haumo kwenye chakula. Mwekee Sultani halwa, ile nzuri yenye lozi na iliki, atainusa atapita. Watu hudhani paka anadeka, lakini mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, Philadelphia, walionyesha kwamba jeni moja ya kutengeneza kipokezi cha sukari kwenye ulimi wa paka imeharibika, na kwa chui milia na duma wa familia hiyo hiyo ni vile vile. Sukari kwake haina habari yoyote. Kwa hivyo ule ulimi wa mtoto wa tahniki, kwa paka hautoki kwa tende, watoka kwa samaki. Akilamba aiskrimu ya watoto, anafuata mafuta ya maziwa.

Na kukinai je? Edmund Rolls, Mwingereza, alisikiliza seli za ubongo wa tumbili, sehemu ya juu ya macho, wakati tumbili analishwa kitu kimoja mpaka akikatae. Seli iliyokuwa ikipiga kelele kwa kitu kile hunyamaza kidogo kidogo, lakini mpe kitu chengine, seli zake zipo macho kama hajala. Ndo halwa ya baada ya pilau. Ndo dagaa walioachwa nusu na hamu ya samaki changu bado iko pale pale.

Sasa honi. Honi hailiki, haina mafuta, haina ladha, imekuwaje yamwamsha paka? Jibu la hili lilitoka kwa Wolfram Schultz, alikuwa Fribourg, Uswisi, akisikiliza seli moja moja za dopamini kwenye ubongo wa tumbili. Tumbili akidondoshewa juisi mdomoni bila kutaraji, seli zalipuka. Akizoeshwa kwamba taa ikiwaka juisi yafuata, baada ya siku nyingi seli zahama, zalipuka kwa taa, na juisi yenyewe ikija hakuna kitu, kimya, ingawa anainywa yote. Na taa ikiwaka halafu juisi isije, wakati ule ule ambao juisi ingefika seli hushuka chini hata ya kawaida yake, kama pengo. Mwaka 1997 Schultz pamoja na Peter Dayan na Read Montague wakaandika hesabu yake: dopamini yahesabu tofauti ya ulichotarajia na ulichopata. Ukipata zaidi yapanda, ukipata kama ulivyojua yatulia, ukikosa yashuka, na kwa kupanda na kushuka huko mnyama hujifunza ni kitu gani duniani cha kukifuata.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Kusi ilipoingia mwaka juzi bahari ikachafuka, vyombo vingi havitoki, samaki wakawa haba na ghali. Ami wa baiskeli maisha lazima yaende, akawa auza madafu, baiskeli ile ile, honi ile ile. Siku ya kwanza honi ikalia, Sultani huyo mbio mpaka kwenye gurudumu, akainua pua kwenye tenga, akasimama. Hakulia. Alisimama tu kama aliyesahau alichofuata, akazunguka baiskeli mara moja, akainua pua tena. Shangazi akauliza, "Leo wapi samaki?" Ami akajibu, "Kusi hini bimkubwa, bahari haiingiliki." Paka akakaa chini katikati ya njia akiangalia tenga la madafu, na mimi kichwani naliona lile pengo la Schultz.

Mwaka 2003 hao hao wa Schultz waliona kitu chengine. Tumbili akijua juisi yaja hakika, kati ya taa na juisi seli zake zimetulia. Akijua haiji, zimetulia. Lakini ikiwa ni nusu kwa nusu, huenda ikaja huenda isije, dopamini yapanda taratibu muda wote ule wa kungoja, na hapo ndo hupanda kuliko hali nyengine zote. Nikipita Likoni nikawaona kunguru wamejipanga kwenye vyuma vya feri wakiangalia mikono ya abiria, huyu atupa kipande cha mhogo, wale kumi hawatupi kitu, nafahamu kwa nini hawachoki.

Msije mkadhani lakini kwamba kila kemikali ina maana moja kwa kila kiumbe. Nyuki akionja maji matamu kinachobeba habari hiyo ni kemikali nyengine, oktopamini, na mwaka 1993 iligunduliwa seli moja tu ya ubongo wake yenye kuibeba habari hiyo. Serotonini, kemikali nyengine ya ubongo, kwetu na kwa panya hupunguza kula, kwa mnyoo mdogo wa maabara yamfanya ameze kwa kasi zaidi. Kemikali ni kama sauti ya honi, maana yake yategemea nani anasikia.

Hata ndani ya kichwa kimoja ni hivyo hivyo, na mfano tunao hapa mjini. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, lile jani la kutafuna, mambo yakafika kortini, na kelele zikawa nyingi, lakini ni wachache waliouliza jani lenyewe lafanya nini. Muguka na miraa ni mti mmoja, na ndani yake kuna kathinoni, ilitengwa mwaka 1975, hufanya kazi kama amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili, humwaga dopamini pamoja na nyenzake noradrenalini. Jani likikauka kathinoni yavunjika, ndo maana lakimbizwa kutoka Embu na Meru likiwa bichi limefungwa majani ya mgomba. Tumbili wa maabara wakipewa kidude cha kujidunga kathinoni hubonyeza kama wale panya wa Olds. Na mwanafunzi mmoja mwerevu aliniuliza, kama dopamini ni uchu, mbona wenye kutafuna hawali? Kijana mmoja wa jirani hapa nyuma akaa maskani tangu adhuhuri, mamake amwekea wali na mchuzi wa pweza, anarudi usiku sahani imefunikwa vile vile, mashavu yameingia ndani, na mamake akiniuliza, "Mwalimu, huyu mwanangu ana nini, chakula hakioni?" huwa namjibu polepole.

Jibu liko kwenye mahali. Kemikali za aina hii zikifika haipothalamasi zasukuma njaa chini, kengele yazibwa mdomo. Zikifika nukliasi akambensi zapandisha uchu, lakini uchu huenda kwa kile kilichoshikamana nao, na kwa huyu kijana kilichoshikamana ni lile fungu la majani, ile kona, wale wenzake, ile saa ya handasi, kilevi cha jani, kupanda. Mwaka 2000 Berridge na mwenzake waliwadondoshea panya amfetamini pale pale kwenye akambensi, na panya wakipata ile ishara waliyozoea kuwa yaleta sukari walibonyeza kidude zaidi sana, lakini sukari yenyewe ikiingia mdomoni hawakuipenda zaidi. Ishara ikikoma na wao hupoa. Sahani ya mamake haijakosa utamu, nimemwambia hivyo, na nikamwambia ulimi wa mwanawe bado ni ule ule. Kilichopotea ni honi ya chakula, imezidiwa na honi nyengine.

Sultani naye, baada ya kama wiki mbili za madafu, aliacha kuinuka. Honi yalia, sikio lageuka kidogo, macho yafumba. Shangazi akasema paka kasahau. Wataalamu tangu enzi za Pavlov, yule Mrusi aliyewazoesha mbwa kudondokwa mate kwa mlio, wanajua kwamba kilichofunzwa hakifutiki hivyo, kinafunikwa na somo jipya juu yake, na chini kipo. Kusi ilipokata na bahari ikalala, ami akarudi na tenga la samaki. Siku ya kwanza honi ililia, Sultani hakutikisika, ikabidi shangazi amrushie kichwa cha tafi pale pale barazani. Asubuhi ya pili nilikuwa nimekaa naye nanywa chai. Honi ikalia mara moja, mbali, huko nyuma ya msikiti, na nilipogeuka kuangalia pahali pake palikuwa patupu.